Kitabu cha Kuijibu Chupa

Meza. Kopo. Mvinyo. Hakuna Mswahili anayehitaji kamusi kuyaelewa maneno haya matatu, na yote matatu yametoka kwa Wareno: mesa, copo, vinho. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka wa 1498. Mwaka wa 1593 wenzake wakaanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa, na 1698 wakafurushwa. Walituachia pia bendera, leso na gereza. Hilo gereza kwao lilikuwa igreja, yaani kanisa. Ukilitafakari kidogo utaona kwamba neno, kama bidhaa yoyote ile, likishavuka bahari huwa halirudi kwa mwenyewe kama lilivyotoka.

Nayasema haya kwa sababu kuna mtindo umetuingia jijini. Watu wanakutana jioni na vitabu na chupa, halafu mtu anakuelekeza mvinyo gani uende na kitabu gani. Riwaya ya huzuni inapewa mvinyo mwekundu mzito. Hadithi ya mapenzi inapewa ule wa waridi. Kitabu cha mashairi kinapewa kitu cha mapovu, sijui kwa nini, labda kwa sababu mashairi ni mafupi na mapovu hayakai. Mimi sina ubaya na jioni hizo. Chakula huwa kitamu na watu ni poa. Lakini ule uoanishaji wenyewe ni mvivu. Unauliza kitu kimoja tu: je, kitabu hiki na mvinyo huu vina hisia moja? Kitabu kinageuzwa mto wa kuegemea, kazi yake kukufanya ustarehe zaidi na glasi yako.

Kwa maoni yangu kuna njia bora. Kitabu kinachofaa kukaa mezani na chupa ni kile kinachoijua chupa hiyo, kilichoota kwenye udongo ule ule, na kinachoweza kusema yale ambayo lebo haiyasemi. Lebo itakuambia aina ya zabibu, mwaka, na kwamba mvinyo huu unaenda vizuri na samaki. Haitakuambia nani alizichuma zabibu hizo, alilala wapi, na alilipwa nini. Hiyo ni kazi ya fasihi.

Basi nimeijaribu kwa mvinyo wa Ureno: chupa tatu, chakula kinachopikika kwenye jikoni la nyumba ya chumba kimoja, na vitabu. Kama hunywi pombe, usifunge ukurasa. Hoja iko kwenye vitabu, navyo havilevyi.

Tuanze na chepesi. Vinho Verde maana yake ni mvinyo wa kijani, ila rangi yenyewe si ya kijani. Ukijani huo ni wa kitu kichanga, kama tunavyosema ndizi mbichi. Unatoka kaskazini magharibi mwa Ureno, sehemu ya mvua nyingi na mashamba madogo madogo. Zamani wakulima wa huko waliipandisha mizabibu kwenye miti na viunzi vya juu pembeni mwa shamba, ili ardhi ya chini ibaki ya mahindi na mboga. Yeyote aliyekulia kwenye shamba la nusu ekari anaielewa hesabu hiyo mara moja. Ukiuonja, kitu cha kwanza ni uchachu, kama wa ndimu na tofaa bichi, na mara nyingi unachoma ulimi kidogo kwa gesi. Kilevi huwa kidogo ukilinganisha na mvinyo mwingine. Kwa hiyo ndio wa kuwekwa karibu na pilipili, kwa sababu kilevi kingi huongeza mwasho mdomoni, na baridi huutuliza. Hapo kuna deni la upande wa pili: Wareno wanaiita piri-piri, na neno hilo walilitoa kwetu Afrika.

Chakula chake ni caldo verde. Usiogope jina. Ni supu ya viazi vilivyopondwa, vitunguu, mafuta ya zeituni na vipande vya soseji, kisha juu yake majani ya kabichi isiyofunga yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Majani yenyewe ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Mama mboga wa mtaani kwenu, yule anayekata sukuma huku akipiga stori na kisu hakimgusi kidole, angeajiriwa Ureno kesho asubuhi.

Kitabu ni A Cidade e as Serras cha Eça de Queirós, kilichotoka 1901, mwaka mmoja baada ya yeye kufa. Kwa Kiingereza kinaitwa The City and the Mountains. Jacinto ni tajiri wa Kireno anayeishi Paris, nyumba nambari 202, barabara ya Champs-Élysées, nyumba iliyojaa kila mtambo wa kisasa. Ana simu, ana lifti, ana mashine za kila namna, na amechoka na maisha kabisa. Usiku anaomwalika mtu mkubwa wa ukoo wa kifalme, samaki anakwama kwenye lifti ndogo ya chakula, na wageni wenye suti wanajaribu kumvua. Ukisoma hapo ukiwa na simu tatu mezani na umeme umepotea, utacheka ukijua unajicheka.

Halafu Jacinto anasafiri kwa treni hadi kwenye shamba la mababu zake, Tormes, juu ya mto Douro. Mizigo inapotea. Nyumba haiko tayari. Ana njaa. Anapewa supu ya kuku, wali wa maharagwe mapana ya kijani, kuku wa kuchoma, na mvinyo wa hapo hapo shambani. Bwana mkubwa wa Paris anakula kama mtu aliyeachiliwa. Tormes ya kweli ipo, Baião, ndani ya eneo la Vinho Verde, na zabibu inayosifika huko inaitwa Avesso. Mvinyo wake una mwili zaidi kidogo kuliko ndugu zake, na harufu ya pichi na chungwa. Mimi sikupata maharagwe yale, nikapika wali kwa minji, na nakiri kwamba huu ni uoanishaji usio na dosari hata moja. Kitabu, sahani na glasi vyote vinakuambia: acha mji, nenda mashambani, utapona.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo kile kikadi cha jioni ya mvinyo kingeishia pia. Lakini Eça hakuishia hapo. Baadaye Jacinto anaingia kwenye nyumba za watu wanaolima ardhi yake, na anakuta njaa na ugonjwa. Anashtuka. Kwani alidhani nani alikuwa anafanya yale mashamba yapendeze? Anaanza kuwajengea nyumba, na Eça anamsifu. Mimi ningetaka maswali makali zaidi kuliko sifa. Tajiri mwema si jibu la njaa, na riwaya inaridhika mapema. Hata hivyo imefungua mlango, na vitabu viwili vinavyofuata vinaingia humo bila kubisha.

Ukifuata mto Douro kwenda mashariki, mvua inapungua na milima inakuwa ya mawe matupu. Hapa ndipo inapotoka Port. Mawe yalivunjwa kwa mikono, yakapangwa kuwa kuta, na kuta zikawa ngazi kutoka mtoni hadi kileleni. Watu wa Machakos wanaoijua kazi ya matuta, hebu yafikirieni matuta hayo yakiwa ya jiwe juu ya jiwe, mlima mzima. Mwaka wa 1756 serikali ya Marquês de Pombal ililiwekea eneo hili mipaka kisheria, na kulifanya mojawapo ya maeneo ya kwanza kabisa ya mvinyo duniani kulindwa hivyo. Mwaka wa 2001 UNESCO ikaliingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Port hutengenezwa kwa kukatiza kazi. Zabibu zinakanyagwa, maji yake yanaanza kuchachuka, sukari inageuka kilevi. Kabla sukari haijaisha, inamwagwa brandi kali yenye kilevi cha asilimia 77. Uchachukaji unakufa. Sukari iliyobaki inabaki hapo milele, na kilevi kinafika karibu asilimia 20. Ile aina inayoitwa tawny inakaa miaka kwenye mapipa hadi wekundu wake unafifia kuwa kama chai ya rangi iliyokolea, na ladha yake inakuwa ya tini kavu, sukari iliyoungua na njugu. Kula nayo korosho za Kilifi zilizokaangwa bila chumvi. Korosho nazo asili yake ni Brazili, na Wareno ndio waliozileta upande huu wa bahari, kwa hiyo sahani na glasi vinajuana tangu zamani.

Sasa angalia majina kwenye chupa za Port: Taylor, Graham, Cockburn, Sandeman. Waingereza watupu. Biashara ilikuwa yao kwa karne nyingi, na jina la mwenye biashara ndilo linaloandikwa. Ndiyo maana kitabu hapa lazima kiwe Vindima cha Miguel Torga, cha mwaka wa 1945. Torga alizaliwa 1907 katika kijiji cha São Martinho de Anta, ng'ambo ya milima ile ile, mtoto wa watu maskini. Alipelekwa Brazili akiwa kijana kufanya kazi kwenye shamba la mjomba, akarudi, akasomea udaktari, na mwaka wa 1939 utawala wa Salazar ukamfunga kwa sababu ya kitabu kingine. Vindima maana yake ni mavuno ya zabibu. Kundi la vibarua linashuka kutoka kijijini mlimani kwenda kuvuna kwenye shamba kubwa. Juu, kwenye nyumba, matajiri wana ndoa zao, tamaa zao na madeni yao. Chini, vibarua wanabeba makapu, na usiku wanakanyaga zabibu kwa miguu.

Nitasema ukweli: sura za matajiri ni nyembamba. Ukiondoa hasira ya Torga dhidi yao, wanabaki kama picha za ukutani. Lakini anaposhuka kwa vibarua, sentensi zinapata uzito, maana anawajua kwa mgongo wa babake mwenyewe. Na kunywa Port ukiwa kwenye kurasa hizo kunakuonyesha kitu ambacho hakuna muuzaji atakuambia. Utamu ule ni kazi iliyokatizwa. Kitu kilichokuwa kinaendelea kilisimamishwa ili mtu mwingine, mbali, apate starehe baada ya chakula. Torga hakuandika hivyo popote. Ni glasi ndiyo ilinifanya nilione, na ni kitabu kilichonifanya niliangalie. Huo ndio uoanishaji ninaousemea.

Chupa ya tatu inatoka kusini, Alentejo, tambarare ya jua na mashamba yasiyo na mwisho. Ndio mvinyo mwekundu wa Ureno ulio rahisi kupendwa. Zabibu zake, Aragonez, Trincadeira, Alicante Bouschet, zinaiva hadi mwisho kwa joto, kwa hiyo ukakasi ule unaokausha ufizi ni laini na tunda liko mbele. Ukimpa mtu anayesema hapendi mvinyo, atakunywa huu. Hauna ugomvi na mtu. Hata kizibo chake ni cha nyumbani: karibu nusu ya gamba la mti la kutengenezea vizibo duniani linatoka Ureno, na Alentejo ndiyo yenye miti mingi. Mti hubanduliwa gamba mara moja kila miaka 9, na watu huuandika nambari ya mwaka kwa rangi ili wajue zamu yake ijayo.

Chakula ni açorda, na hapa dania inaingia kwa fujo. Unaponda vitunguu saumu, dania na chumvi, unamimina mafuta ya zeituni, kisha maji ya moto, unatumbukiza mkate wa jana uliokauka, na yai juu kama lipo. Hicho ni chakula cha watu waliokuwa na mkate mgumu na majani ya pembeni mwa shamba. Leo kinauzwa hotelini kwa fahari. Unajua jinsi githeri ilivyopanda cheo? Basi ni hivyo.

Na kitabu ni Levantado do Chão cha José Saramago, 1980, kwa Kiingereza Raised from the Ground. Ni vizazi vitatu vya ukoo wa Mau-Tempo, jina ambalo maana yake ni hali mbaya ya hewa, vibarua wasio na ardhi katika nchi ya mashamba makubwa. Saramago alienda kukaa na watu wa Lavre, huko huko Alentejo, akawasikiliza, na ndipo akaupata ule mtindo uliomfanya Saramago: sentensi ndefu, koma baada ya koma, watu wakizungumza bila alama za mtajo, kama mzee anayekusimulia na hataki umkatize. Miaka 18 baadaye akapewa tuzo ya Nobel. Vibarua wa Alentejo walifanya kazi kutoka jua likichomoza hadi likitua, na saa nane kwa siku walizipata kwa migomo, mwaka wa 1962. Si mbali hivyo. Kuna wazee walio hai wanaokumbuka.

Mvinyo huu laini na kitabu hiki kigumu havifanani hata kidogo, na ndiyo maana vinafaa kukaa pamoja. Glasi inasema mambo ni shwari. Kitabu kinasema, subiri kwanza. Nilikunywa polepole kuliko kawaida, kwa sababu sentensi ya Saramago hairuhusu uinue mkono katikati. Kati ya majaribio yangu yote, hili ndilo ningemwambia mtu alirudie.

Kabla sijafika mwisho, neno kuhusu Fernando Pessoa, maana jioni za mvinyo humpenda sana. Kuna picha maarufu ya mwaka wa 1929, amesimama kwenye duka la mvinyo Lisbon na kofia yake, anakunywa. Aliiandikia mzaha wa maneno kuhusu mtu aliyenaswa na lita yake. Ni picha nzuri, na imeuza ile ndoto ya mwandishi mlevi mwenye kipaji. Lakini alikufa 1935 akiwa na miaka 47. Kitabu chake, Livro do Desassossego, kinasimuliwa na karani msaidizi wa hesabu katika ofisi ya barabara ya Douradores, na kilichapishwa 1982, miaka 47 mingine baadaye. Kukipangia chupa ni kama kumcheka marehemu. Kisome na chai ya maziwa, asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Karani angeelewa.

Kisha kuna kitabu ambacho kiliniwekea glasi chini. Luís Bernardo Honwana alizaliwa 1942 mji ambao leo ni Maputo. Mwaka wa 1964 alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi, na mwaka huo huo Wareno wakamkamata. Kwa Kiingereza unaitwa We Killed Mangy-Dog, na uliingia kwenye mfululizo wa African Writers Series mwaka wa 1969, zile zenye jalada la rangi ya chungwa. Ndani yake kuna hadithi inayoitwa "Dina".

Ili kuielewa, jua hili kwanza. Mvinyo uliozidi Ureno ulihitaji soko, na soko lililokuwa karibu na mkono lilikuwa makoloni. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Msumbiji, utawala uliwabana watu wasipike pombe zao ili wanunue mvinyo wa kutoka ng'ambo. Utawala wa Salazar nao ulikuja kuwaambia Wareno kwamba kunywa mvinyo ni kuwalisha watu milioni moja. Haukusema mvinyo mbaya zaidi unakunywewa na nani.

Katika "Dina", vibarua wanapalilia chini ya jua. Mzee Madala ni mmoja wao. Wakati wa mapumziko ya chakula binti yake anakuja kumwona, na nyapara mzungu anamchukua, na wote wanajua, na Madala anajua. Wenzake wanamtazama. Mzee akisema neno moja tu, watainuka. Nyapara anampa Madala chupa ya mvinyo. Madala anakunywa.

Hadithi haimhukumu, na mimi sitamhukumu. Lakini baada ya kuisoma huwezi kusema tena kwamba mvinyo wa Ureno ni suala la samaki na jibini pekee. Ngũgĩ naye katika Petals of Blood alionyesha jinsi kinywaji cha jamii, Theng'eta, kinavyogeuzwa bidhaa ya kuwanyonya wenyewe waliokibuni. Honwana anaonyesha upande mwingine: kinywaji kilicholetwa kuwa bei ya kunyamaza.

Rafiki yangu mmoja, niliposimulia haya, aliniuliza kama nataka watu waache kunywa. Hapana bana. Nilimaliza zile chupa tatu, kwa wiki kadhaa na kwa msaada, na Vinho Verde nitanunua tena mshahara ukiingia. Raha si adui. Ninachokataa ni raha inayomtaka msomaji afumbe macho ndipo ikamilike, na inayokichukua kitabu, kitu chenye macho makali kuliko vyote mezani, ikakipa kazi ya kutufumba.

Kwa hiyo ukialikwa jioni ya aina hiyo na ukaombwa ulete jozi yako, lete chupa ya Alentejo na Saramago, na mkate wa jana, na dania nyingi. Chakula kikiisha na watu wamelegea, soma "Dina" kwa sauti. Ni fupi. Halafu usiseme kitu, waache waangalie kilichobaki kwenye glasi zao.